Mwezi wa Upande wa Pili wa Mlima

Jamani, nimechoka kuulizwa. Tangu nirudi siwezi kupita barazani bila mmoja wenu kunishika shati: "Salimu, tuambie kweli, huko Upareni ulifunga au ulikuwa ukila mchana?" Kisha kicheko. Nikianza kujibu, kahawa inakwisha kabla sijafika Voi. Basi nimeandika. Someni, na anayetaka kucheka acheke akishamaliza.

Habari za fomu na mihuri nawaachia makarani. Mnajua kwamba niliondoka mwezi wa Shaabani na mwiko wangu, timazi na pima maji, kwenda kujitolea miezi mitatu katika kijiji kimoja juu ya Gonja, nchini Tanzania, kujenga darasa na kusakafia bwawa. Na mnakumbuka mlivyoniaga: "Ramadhani itakukuta huko, utarudi na kitambi."

Neno lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Mimi si mcha Mungu wa kujigamba. Hapa Mombasa mpiga ngoma ya daku huniamsha, muadhini hunifungulia, na mchana nikishawishika kuna macho ya mtaa mzima. Aliyekuwa akifunga ni mji, mimi nilikuwa nimedandia tu. Nilitaka kujua, nikiachwa peke yangu, kama kuna funga yoyote iliyo yangu mwenyewe. Hilo sikuwaambia mlipokuwa mkicheka.

Mombasa hadi Kahe

Kutoka Voi treni ya Taveta haina haraka na mtu. Ilisimama porini mara tatu bila sababu iliyotangazwa, na kila iliposimama abiria walishuka, wakajinyoosha, wakajuana. Nilipofika Kahe asubuhi nilikuwa nimeshajua ugonjwa wa mama mkwe wa jirani yangu kuliko daktari wake.

Kahe tuliambiwa tungoje treni ya kwenda Tanga. Tukangoja. Adhuhuri ikaingia, nikatafuta maji, nikatawadha, nikamwuliza mpagazi mmoja kaskazini ni upande gani. Akanitazama kwa huruma sana.

"Pole, ndugu yangu. Treni ya kaskazini ndiyo hiyo iliyokuleta. Imeshaondoka."

Nikamweleza kwamba sitaki treni, nataka kusali. Alicheka mpaka akakaa juu ya rukwama lake. Lakini alinionyesha, tena alisimama karibu na mzigo wangu muda wote nilipokuwa nimesujudu, na nilipotoa salamu alikuwa bado pale, mikono nyuma, kama askari wa benki. Ndiyo mara ya kwanza katika safari ile mtu asiye wa dini yangu kuilinda sala yangu. Nilidhani ni bahati tu.

Same

Tuliingia Same jua likielekea kuchwa. Mji mdogo, upepo mkavu, vumbi linaloingia mpaka kwenye meno. Wamasai wamejitanda rubega zao wakinunua sukari, na wakata mkonge wakizungumza kila lugha ya Tanzania. Na juu ya hayo yote, milima. Sisi watu wa pwani tunajua mlima kwa kuusikia. Pale Same unainua uso kutazama hali ya hewa, unakuta uso wako umejaa mlima, na kule juu kabisa, palipo na weusi wa msitu, pana moshi wa majiko. Watu wanaishi kule! Nilisimama barabarani mdomo wazi mpaka mwenye baiskeli akanipigia kengele.

Maghribi ile nilisali msikitini kwa jamaa, na sikujua kwamba ningekaa zaidi ya miezi miwili kabla ya kuisikia tena adhana.

Same hadi Gonja

Lori lililonipeleka lilipakia saruji, mahindi, kuku na watu kumi na wanane, na lilizunguka mlima kwa njia ya Kisiwani ili kuufikia upande wake wa mashariki. Gurudumu lilipasuka mara mbili. Mara ya pili dereva alilala chini ya lori, si kutengeneza, kulala tu, akasema gurudumu la moto halishikiki.

Hapo ndipo nilipoyajua makande. Mama mmoja alifungua sufuria lililofungwa kwa kanga, mahindi na maharage yaliyochemka mpaka yakapatana, akagawa kwa viganja bila kuuliza nani ni nani. Nikasema asante, nimeshiba. Alikasirika kweli. "Umeshiba nini, na gari limetuharibikia sote?" Nikala. Somo la kwanza la Upareni: shida ikiwa ya wote, chakula nacho ni cha wote, na anayejitenga na sufuria amejitenga na watu.

Kupanda

Kutoka Gonja kwenda juu hakuna gari, kuna miguu. Nilikuwa nikijiuliza ile mifuko ya saruji itapandaje, nikasikia sauti kutoka juu ya kilima, nzito, ndefu, inayoingia kifuani kabla ya kufika masikioni. Ni baragumu la pembe ya mnyama. Likipigwa, kila nyumba inatoa mtu kwa kazi ya pamoja, ambayo wao huiita msaragambo. Serikali yao inahubiri Ujamaa redioni, lakini hawa walikuwa nao kabla redio haijazaliwa. Walishuka kina mama, wazee, wasichana, wakaibeba mifuko ile kwa kupokezana, wakaimba mpaka juu. Mimi nilibeba mwiko na timazi, na nilifika wa mwisho.

Nilipangiwa kukaa kwa Mama Namkunda, mjane wa makamo, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mwenye sauti ya kuita mtu bonde la pili. Mkubwa wetu alikuwa balozi wa nyumba kumi, mzee mfupi aliyependa kunichokoza: "Huko kwenu Kenya mtu humla mtu. Hapa utanenepa."

Na mtu wa tatu ni Eliamani. Huyu ndiye aliyelinda bwawa nililokuja kulisakafia, ambalo wao huliita ndiva. Liko juu karibu na mgongo wa mlima. Usiku hufungwa lijae maji ya kijito, asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka kwa mifereji shamba kwa shamba, kwa zamu. Kufunga na kufungua ni kazi ya Eliamani, na baragumu nalo ni lake, kama lilivyokuwa la baba yake. Mtu mrefu, mkimya, asiyejua kuchekesha. Ukimwuliza jambo, anafikiri kwanza, na wakati huo wewe umeshasahau ulichouliza.

Jua lililonidanganya

Saa yangu ya mfukoni ilikufa wiki ya kwanza. Niliinama kwenye ndiva kupima sakafu, ikachomoka mfukoni, ikazama kwenye tope, na niliyemwaga saruji juu yake ni mimi mwenyewe. Saa ya shule ilifuata redio ya mwalimu, na redio ilikuwa imeishiwa betri. Sikujali. Jua lipo, nikasema.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama mwalimu alitujia na habari yake kutoka bondeni, nikatia nia. Mama Namkunda alishtuka kusikia nitashika mwiko kutwa bila hata maji, akauliza kama ni mgonjwa au nimekosana na mtu. Nilipomweleza akasema ataniamsha alfajiri, na aliniamsha kila siku bila kukosa, uji umekwisha kuiva.

Siku nne nilifunga vizuri, au nilidhani hivyo. Jua lilipotoweka, kivuli kikafunika kijiji, baridi ikashuka, nami nikala ndizi yangu na kumshukuru Mungu. Siku ya nne Eliamani alikuwa akipita na jembe begani kwenda juu. Akasimama.

"Fundi, umeacha kufunga?"

"Nimefungua. Jua limezama."

Akafikiri. "Limezama wapi?"

Nikamwonyesha mlima nyuma yetu.

"Pale limejificha tu," akasema. "Halijazama. Njoo."

Tulipanda karibu saa nzima. Chini yetu kijiji kilikuwa kimeshawasha taa. Tulipotokeza mgongoni mwa mlima, jua lilinipiga usoni. Wallahi, lilikuwa bado juu ya upeo wa nchi, jekundu, zima! Upande wa magharibi nyika yote ilikuwa imewaka, Same ndogo kama punje za mchele, moshi wa treni umesimama katikati ya uwanda, na mbali kabisa kaskazini theluji ya Kilimanjaro imegeuka rangi ya waridi. Nikageuka nyuma, giza. Nikageuka mbele, mchana. Sijawahi kujiona mdogo namna ile, wala sijawahi kumwogopa Mungu kwa uzuri wake kama siku ile. Na mdomoni nilikuwa na ladha ya ndizi.

Niliona haya mpaka machozi yakanitoka. Siku nne, zote bure. Mtu wa mjini, mjuzi, nimekula mchana kweupe kama mlivyotabiri, tena bila hata kufaidi.

Eliamani hakunifariji. Alifunga ndiva, akangoja nami hadi jua lilipozama kweli, kisha akasema, "Mimi huwa hapa kila jioni. Nitakuambia."

Baragumu

Hakusema ataniambiaje. Kesho yake ukungu wa vuli ulishuka, mzito hata huoni mlango wa jirani. Nikakaa na kikombe cha maji na ndizi mbili. Ghafla baragumu likalia kutoka juu. Nikaelewa, nikasema bismillahi, nikanywa.

Mara nikasikia milango. Kisha miguu. Kisha ukungu ukaanza kutoa watu, mmoja mmoja, wana majembe, wana makarai, kina mama wamejifunga vibwebwe, mzee mmoja na kiatu kimoja. Walikuwa wakikimbilia juu. Baragumu la jioni lina maana moja tu kwao: ndiva imepasuka, maji yanashukia nyumba. Balozi alinipita akipiga kelele, "Fundi, saruji yako imetuua!"

Walikutana na Eliamani njiani akishuka taratibu. Wakarudi naye uwanjani kwa Mama Namkunda, wamelowa, wamekasirika. Nikajua mambo yameharibika. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba mtu akilipiga baragumu bure ananyang'anywa, kwa sababu siku ya hatari ya kweli watu hawataamka.

"Umelipiga kwa nini?" Balozi akauliza.

"Jua lilizama," akajibu Eliamani.

"Jua huzama kila siku!"

"Fundi alikuwa hajui."

Nikasimama kumtetea, nikasema kosa ni langu, mimi ndimi niliyeshindwa kulijua jua. Balozi akanijibu kwa upole lakini kwa uzito: "Fundi wetu, tunakupenda. Lakini baragumu halimwiti mtu mmoja. Halijawahi."

Nikamtazama Eliamani, mtu aliyekuwa karibu kupoteza kitu cha baba yake kwa ajili ya ndizi zangu mbili, naye alikuwa anatazama chini tu.

Ndipo Mama Namkunda alipoinua ile sauti yake. "Limemwita mtu mmoja nani? Mimi hapa nimekuja na jembe. Wewe umekuja. Huyu amekuja na kiatu kimoja. Limetuita wote, na wote tumekuja. Kama kazi yenyewe ni kula, basi tule!" Akaingia jikoni, akatoka na sufuria la makande.

Walicheka, nadhani kwa sababu ya baridi na njaa. Wakaketi. Na kutoka siku ile mambo yakawa hivi: jua likizama Eliamani hupiga mara moja, fupi, na nyumba moja kwa zamu huja kula nami, kama zamu ya maji. Walileta viazi vikuu, ndizi, makande, makande, na makande. Mzee mmoja alileta pombe ya miwa kwa heshima zote, na nilipokataa Balozi alijitolea kuninywea. Jambo lililonishangaza ni hili: waliketi mbele ya chakula, Walutheri watupu, watoto wao wakimeza mate, na hakuna mkono ulionyooka mpaka baragumu lilie. Hakuna aliyewaagiza. Nilifunga mwezi ule kuliko nilivyopata kufunga maisha yangu.

Siku ya shaka

Ikabaki kuujua mwisho wa mwezi. Mnajua hesabu: siku ya ishirini na tisa mwezi usipoonekana unakamilisha thelathini. Kula siku ya Ramadhani ni dhambi, kufunga siku ya Idi ni haramu. Na sisi tulikuwa ndani ya ukungu. Mchana mmoja, Mama Namkunda akichambua maharage, nilimweleza wasiwasi wangu, na nikamwambia hata mtu wa huku akiuona haitatosha, maana shahidi wa mwezi sharti awe Muislamu. Alisema "Haya," akaendelea na maharage.

Siku ya ishirini na nane Eliamani hakuonekana. Balozi ndiye aliyepanda kufunga ndiva, akilalamika magoti. "Ameenda upande wa pili, chini ya kijiji cha Chome," akaniambia. "Kule ukungu haufiki. Akiuona mwezi atapiga mara mbili." Nilishukuru, lakini moyoni nilisikitika. Maskini Eliamani, atachoka bure.

Jioni ya ishirini na tisa tulipanda mgongoni mwa mlima watu kama thelathini. Magharibi yote ilikuwa pamba tupu. Tukangoja. Kutoka chini sana, upande wa Same, ikaja sauti. Mlio mmoja uliokatika katikati, kisha ukimya, kisha kitu kama ndama anayekabwa.

"Huyo si Eliamani," akasema Balozi. "Eliamani hapigi hivyo hata akiwa usingizini."

Wengine wakasema ni mara mbili. Wengine wakasema ni moja na nusu. Wengine wakasema ni mchunga mbuzi anacheza. Wote wakanigeukia, nikawaambia hata mimi sijui. Tulishuka gizani. Alfajiri Mama Namkunda hakuniamsha, maana hakujua aniamshe kwa lipi. Sikula daku wala sikutia nia. Nilikaa juu ya ukuta wa darasa langu ambalo halijaezekwa, si mfungaji, si mlaji, na nilijisikia mpweke kwa mara ya kwanza tangu niondoke kwetu. Mwezi mzima tumeubeba watu wote, na mwisho wake unaniponyoka mikononi.

Yapata saa nne ukungu ulianza kupasuka, tukaona watu wawili wakishuka kutoka juu. Mmoja mrefu, ni Eliamani. Wa pili mzee wa kofia ya vitone, amejishikiza kwenye fimbo, midomo imemvimba kama aliyeumwa na nyuki.

Nikakimbia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Assalaamu alaikum." Akashika kifua kupata pumzi. "Naitwa Hamisi, nilikuwa mkata mkonge, sasa nina duka dogo kule chini. Nashuhudia kwamba jana magharibi nimeuona mwezi kwa macho yangu haya mawili. Na lile baragumu nimelipiga mimi, Mungu anisamehe, sijawahi kupiga hata filimbi."

Sikuelewa. Nikamtazama Eliamani.

"Mama Namkunda aliniambia habari ya shahidi," akasema Eliamani. "Siku mbili nimetafuta Muislamu upande ule."

"Kisha akaning'ang'ania," akadakia mzee Hamisi. "Nimeuona mwezi, nikamwambia haya, piga. Akakataa! Akanipa mimi. Nusura mapafu yatoke."

Watu walikuwa wamekwisha kutuzunguka. Niliuliza: "Eliamani, kaka yangu, si ungelipiga tu mwenyewe? Aliyeuona ni yeye. Ningejuaje ni pumzi ya nani?"

Akafikiri, kama kawaida yake, mpaka nikasikia maji yakipita mferejini.

"Wewe usingejua," akasema. "Mimi ningejua."

Nililia, jamani, mbele ya kijiji kizima, na sioni haya kuwaandikia. Mama Namkunda akaja na kikombe cha uji, akanishikisha, akasimama kuhakikisha. Mzee Hamisi akatandika mkeka pale uwanjani, akakohoa, akaanza takbira kwa midomo yake iliyovimba. Nikanywa uji wote, nikaenda kusimama naye.